Kabla ya kuuza kaboni tuambieni msitu ni wa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Najua hii itakuwa ndefu, ukitaka kukata kata tu ila sehemu ya sheria iache maana ndo iliyonifanya niandike.

Siku hizi nikishika gazeti nakuta habari mbili za misitu. Ya kwanza ni wananchi wanakata miti ovyo, wananchi waelimishwe, wananchi wachukuliwe hatua kali. Ya pili ipo kurasa chache mbele, picha ya wakubwa wamevaa suti wanasaini makubaliano ya biashara ya kaboni na wageni, yani wageni walipe ili msitu usimame na kuhifadhi hewa ukaa, wanapeana mikono, huku nyuma kuna bango kubwa lenye picha ya mti. Hizo habari mbili zinahusu msitu uleule lakini sijaona mwandishi anauliza huo msitu wenyewe ni mali ya nani, kama vile jibu linajulikana wakati huku kwetu ndo ugomvi wote ulipo.

Mi ni mkulima wa ufuta Kilwa, na miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, doria nimeenda, vikao vya posho nimekaa na visivyo na posho ndo usiseme. Kwa hiyo naongea kama mtu wa pande zote mbili, nayelinda msitu na nayeutamani kwa shamba.

Tuanze na nani anakata. Takwimu inayotajwa na serikali yenyewe ni kwamba nchi inapoteza hekta kama 469,000 za msitu kila mwaka, wakati tathmini ya misitu ya taifa iliyotoka 2015 ilikuta tuna hekta milioni 48 hivi. Watu wa mjini wakisikia hivyo wanajua ni mkaa tu, maana gunia la mkaa wanaliona kwa macho na fuso zinapita. Ndo maana serikali ikazikataza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024, na sasa kuna mkakati wa nishati safi unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sina ugomvi na gesi, mke wangu anaipenda kuliko mi. Ila watafiti walishazunguka kwenye maeneo yaliyofyekwa sehemu mbalimbali za nchi, matokeo yakatoka 2020, wenyeji waliohojiwa wakataja kilimo kuwa ndo chanzo kikuu kwenye asilimia 81 ya maeneo yale na mkaa kwenye asilimia 12 hivi. Yani shamba ndo linalokula msitu, mahindi zaidi, na kwetu huku kusini ongeza ufuta.

Na mtu wa ufuta si mjinga wala hahitaji semina. Msitu ukiufyeka ukachoma majivu yale yanakupa mavuno misimu miwili mitatu bila mbolea, alafu unahamia mbele. Kuna misimu ufuta mnadani Lindi umepita shilingi 3,000 kwa kilo, na ukipeleka ghalani hela inaingia kwenye simu. Sasa mwambie huyo mtu auache msitu usimame kwa faida ya hali ya hewa ya dunia, atakusikiliza kwa heshima, atakukaribisha maji, ukiondoka anatafuta panga. Atakachokujibu kimoyomoyo ni kwamba nikiuacha mimi atauchukua mwingine, na hapo yuko sahihi kabisa.

Nikisema yuko sahihi namaanisha kisheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inapoeleza ardhi ya jumla inasema ni ardhi yote ya umma ambayo si ya hifadhi wala ya kijiji, alafu inaongeza mkia, kwamba inaingia humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ya mwaka uleule, bunge lilelile, haina huo mkia. Mnaona shida? Kijiji kina msitu, hakuna nyumba humo, hakuna shamba, tunaokota kuni, tunachimba dawa na kurina asali. Afisa mmoja akija akasoma Na. 5 msitu ni wetu, akija mwingine akasoma Na. 4 anaweza kusema hapa hapatumiki, hii ni ardhi ya jumla, iko chini ya Kamishna wa Ardhi, mwekezaji apewe. Wanasheria wamelisema hili jambo miaka zaidi ya ishirini sasa na mkia bado upo.

Matokeo yake kijijini kila mtu anajua namna ya kuthibitisha kwamba sehemu ni yake, ni kuifyeka. Ukifyeka ukapanda hata mihogo mitupu umetumia, ukiacha msitu umelala unaonekana huna kazi nao. Sheria yenyewe inamsukuma mtu kwenye panga alafu tunamlaumu kwamba hana elimu ya mazingira!

Na haya si maneno yangu ya kijiweni, yalishatokea Babati, kwenye msitu wa Duru-Haitemba, zamani Babati ikiwa bado mkoa wa Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu ule hifadhi ya serikali. Wanavijiji waliposikia kwamba unachukuliwa wakaingia kukata haraka haraka kabla milango haijafungwa, na walinzi wachache waliokuwepo hawakuweza kitu. Mwisho, mwaka 1994 hivi, ikaamuliwa tofauti, vijiji vinane vikaachiwa kila kimoja kipande chake, vitunge sheria zao, viweke walinzi wao wenyewe vijana wa palepale. Msitu ukatulia. Watu walewale, mapanga yaleyale, kilichobadilika ni kwamba sasa mwizi wa mti alikuwa anamwibia jirani yake na si serikali. Kutokana na Babati na wenzao wa Suledo kule Kiteto ndo tukapata Sheria ya Misitu ya 2002 inayoruhusu kijiji kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, na msitu ukishakuwa hivyo kijiji ndo kinapanga uvunaji na mrabaha, yani malipo ya anayevuna miti, unabaki kijijini.

Hicho kipengele cha mrabaha ndo dawa yenyewe, nieleze kwa nini kwa mfano wa kwetu. Mpingo mnaujua, ule mti mweusi wa vinyago, Ulaya wanatengenezea klarineti na obo, unakua taratibu mno, mtu akipanda leo wajukuu ndo watakaovuna. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003 kusini yote ilifunguka, jambo zuri, tulikuwa tunalala kwenye kivuko jamani, lakini na malori ya magogo nayo yalifunguliwa. Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti kuhusu wimbi lile la magogo, ikaonekana mbao na magogo China iliyoandika kupokea kutoka Tanzania ni mara kumi ya yale Tanzania iliyoandika kuuza, na mapato yaliyopotea kwa miaka kadhaa yalikuwa karibu yote, asilimia 96. Sisi kijijini tulikuwa tunapata nini? Vijana wanapewa hela ya kubeba na ya soda, gogo linaondoka. Msitu ulikuwa hauna mwenyewe, aliyekuwa na chenso na lori ndo mwenyewe.

Baadaye shirika la mpingo, MCDI, likasaidia vijiji kadhaa vya Kilwa kupima mipaka, kutenga misitu na kuandaa mpango wa uvunaji. 2009 kijiji cha Kikole kikawa na cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaovunwa bila kuharibiwa, msitu wa asili wa kwanza Afrika unaosimamiwa na wanakijiji kupata cheti kile. Mnunuzi anakuja anakuta bei, anakuta kamati, gogo linagongwa nyundo ya alama, hela inaingia akaunti ya kijiji na inasomwa mkutano mkuu. Sio kwamba kila kitu kilinyooka, kuna vijiji vilipata hela nyingi na kuna vilivyosubiri mnunuzi mpaka watu wakachoka. Ila nilichokiona ni kwamba hela ikishasomwa mkutanoni mara moja hata wale waliokuwa wanatucheka sisi wa kamati wanaanza kuuliza, mbona jana nimesikia chenso upande wa mtoni, mmeenda?

Sasa ndo tuje kwenye kaboni. Wasomaji wakubwa mtakumbuka MKUHUMI, ule mpango wa kupunguza hewa ukaa kwa kuzuia ukataji wa misitu. Aprili 2008 waziri mkuu wa Norway Jens Stoltenberg alikuja, wakakubaliana na Rais Kikwete, Norway itoe mpaka kroni milioni 500 kwa miaka mitano. Ikaanza miradi ya majaribio Kilosa, Lindi, Kilwa, Kondoa, Kigoma, Shinyanga, Zanzibar. Tulikaribisha kweli, mgeni njoo mwenyeji apone. Kilosa na Lindi watu walipewa hata malipo ya majaribio, mwananchi mmoja mmoja, mkutano wa kijiji unaamua kiasi gani kiende mifukoni na kiasi gani kiende maendeleo, na naambiwa hizo siku mahudhurio ya mkutano mkuu hayajawahi kuonekana. Huku kwetu Kilwa walileta hesabu ya moto, kwamba tuchome nyasi mapema mwanzo wa kiangazi zikiwa bado na unyevu ili moto mkali wa Septemba na Oktoba usikute kitu. Hiyo kwa kweli ilikuwa na akili, wazee walikuwa wanajua, ila mtu wa mjini akipita barabarani akaona moshi anapiga simu kwamba wanakijiji wanachoma msitu.

Alafu bei ya kaboni duniani ikashuka, miaka ya mfadhili ikaisha, sehemu nyingi hakuna kaboni iliyouzwa. Kilichobaki ni nini? Kilichobaki ni makaratasi ya ardhi. Pale ambapo hela ya mradi ilitumika kupima mpaka wa kijiji, kupata cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo, vitu hivyo viko mpaka leo na vinamsaidia mtu mahakamani. Kilosa wakatumia mipango ileile kuingia kwenye mkaa wa kupangiliwa, wanagawa sehemu ya msitu vitalu vya mita 50 kwa 50, wanavuna kimoja wanaruka cha jirani, na waliyovuna wanaiacha miaka 24 ichipue. Pale ambapo hela ilienda kwenye semina, magari na vipeperushi vya karatasi inayong'aa hakuna hata alama ya kigingi.

Mfano mwingine ni Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu. Wale 2011 walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja, ya jamii nzima, kama hekta 20,000, kwanza wamiliki. Kaboni ikaja ikakuta mwenye nyumba yupo na ana karatasi. Wilaya ya Tanganyika kule Katavi nako, vijiji vinane vya milima ya Ntakata vimepata mabilioni ya shilingi ya kaboni, wamejenga zahanati na madarasa, wamekata bima za afya, na huko pia mipango ya matumizi ya ardhi na kutenga misitu ya vijiji vilitangulia. Kwa hiyo msinielewe vibaya, sipingi kaboni. Napinga kuanza na kaboni, maana kaboni bila hati ni kugawana nyama ya ng'ombe ambaye bado hajulikani ni wa nani, mwenye kisu kikubwa ndo atakayeshiba.

Na sahivi visu vimekuwa vikubwa kweli. Februari 2023 kampuni ya Dubai inaitwa Blue Carbon ilisaini makubaliano ya awali na Tanzania kuhusu hekta zipatazo milioni 8 za misitu. Mwaka huohuo ikasaini na Liberia, Zambia, Zimbabwe na Kenya. Mtaniambia hizo za kwetu ni hifadhi za serikali, vijiji havihusiki. Jamani, si juzi tu 2019 Rais Magufuli alizuia watu kuondolewa kwenye hifadhi, ikahesabiwa vijiji 975 vyenye mgogoro na hifadhi nchi nzima, na 920 vikaruhusiwa kubaki? Hivyo vijiji 920 viko juu ya mawingu? Viko palepale kwenye ramani ambayo mtu anaiuza kaboni, na mikataba ya kaboni si ya msimu mmoja kama ya ufuta, ni miaka 20, 30 na zaidi. Mtoto anayezaliwa leo ataikuta, ataoa, atataka shamba ataambiwa babu yako alisaini.

Tuangalie pia jirani. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, waliambiwa watoke kwa sababu msitu ni chanzo cha maji na wao ni waharibifu. Kesi ikaja mpaka hapa Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema haki zao zimevunjwa na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa wao. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia, shilingi za Kenya milioni 157.85, na ardhi yao ipimwe wapewe hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zikabomolewa tena Mau. Kipindi hichohicho viongozi wa bara letu walikuwa wanasafiri mikutanoni kueleza misitu ya Afrika ina thamani gani kwenye soko la kaboni. Siwezi kusema hayo mawili yanahusiana kiasi gani, ila aliyebomolewa nyumba atayahusisha tu, utamzuiaje?

Hata wafadhili wenyewe wanajua. Kwenye mkutano wa dunia wa hali ya hewa Glasgow 2021 waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi za wenyeji na jamii za misituni, wakasema wazi kwamba wenye ardhi yao ndo walinzi wazuri. Hesabu za mwaka wa kwanza zilipotoka, asilimia 7 tu ndo ilikwenda moja kwa moja kwa vikundi vya hao wenyeji. Iliyobaki ilipitia kwa wakubwa wa katikati, na wa katikati naye ana ofisi, ana dereva, ana jenereta.

Nisije nikaonekana nasema vijiji ni vya malaika. Nawajua wenyeviti walioandika karatasi usiku wakauza vipande vya msitu, na mkutano mkuu ukaja kuambiwa mambo yameshaisha. Na kuna suala la mifugo ambalo hatuwezi kulificha. 2006 na 2007 wafugaji walitolewa Usangu na Ihefu ili bonde lipumzike na mto Ruaha upate maji, wengi wakaelekezwa Pwani na Lindi, ng'ombe wakaja huku kwenye vijiji ambavyo havikuwa na mpango wowote wa malisho. Yani uhifadhi wa kule ukawa uharibifu wa huku, na ugomvi wa wakulima na wafugaji ukaja juu yake, watu wameumizana. Wataalamu wa kaboni wana hesabu ya kitu kama hicho, wanaita uvujaji, yani uharibifu ukizuiwa huku unahamia kule, wanakata asilimia fulani kwenye mahesabu yao basi yamekwisha. Kwetu uvujaji una majina ya watu na makundi ya ng'ombe. Mfugaji yule naye alihamishwa bila kuulizwa, alipofika hapa hana hati, tunataka aheshimu mpaka wa nani wakati mpaka wenyewe haujapimwa?

Ndo maana nasema pesa ya kwanza ya kuzuia ukataji, iwe ya mfadhili, ya bajeti au ya hiyo kampuni ya kaboni inayotaka kuja, iende kwenye kazi ambazo hazina picha nzuri gazetini. Kupima mpaka kijiji na kijiji, mzee wa huku na mzee wa kule wakubaliane mbuyu upi ulikuwa alama. Kutenga malisho na njia za mifugo. Kutoa vyeti vya ardhi ya kijiji, kupitisha sheria ndogo halmashauri ya wilaya bila kuzilaza kwenye droo, nimeshaona sheria ndogo zinalala mpaka mwenyekiti anabadilishwa. Na bunge likate ule mkia wa Sheria Na. 4, ni maneno machache tu, hayahitaji mfadhili.

Kuhusu mikataba, kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022 na kituo cha kufuatilia kaboni kipo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, vizuri. Lakini mwanakijiji anachohitaji ni mkataba wenye Kiswahili, kurasa zote na si muhtasari, ubandikwe ofisi ya kijiji wiki kadhaa kabla ya mkutano, usomwe mkutano mkuu wanawake wakiwepo kwa sababu wao ndo wanaoingia msituni kila siku kwa kuni na uyoga, na uonyeshe bei ya kuuzia tani moja huko nje, nani anachukua kiasi gani njiani, na kijiji kikitaka kujitoa kinafanyaje. Kampuni ikisema bei ni siri ya biashara basi na msitu wetu uwe siri, wakatafute kwingine.

Mhariri, nakuomba tuma mwandishi mmoja aende wizarani na swali hili: kwenye hizo hekta milioni 8 za makubaliano ya 2023, ni vijiji vingapi vinapakana nazo au viko ndani yake, vingapi kati ya hivyo vina cheti cha ardhi ya kijiji, na makubaliano yenyewe yamefikia wapi. Jibu ulichape hata kama ni fupi.

Msomaji wako,
Mkulima, Kilwa